Umri, Saa na Shaka: Waogeleaji Wakongwe Warejeapo Bwawani na Historia ya Ushahidi wa Dawa za Kusisimua Misuli, 1976–2016

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna shaka ya matumizi ya dawa za kusisimua misuli ilivyowaandama waogeleaji wa kiwango cha juu waliostaafu kisha wakarejea mashindanoni wakiwa na umri mkubwa. Mfano mkuu ni Dara Torres wa Marekani, aliyetwaa medali tatu za fedha katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 41. Makala yanaonyesha kwamba shaka hiyo haikutokana na umri wake peke yake, bali ilirithiwa kutokana na udanganyifu uliotangulia, hasa ule wa Ujerumani Mashariki. Yanapima aina tatu za ushahidi zilizotumiwa na umma, yaani saa, mwili na maabara, na kubainisha kuwa hakuna hata moja inayotosha ikisimama peke yake. Yanahitimisha kwamba kinachomlinda mwanamichezo msafi, na kumnasa mchafu, ni kumbukumbu za vipimo zilizowekwa kwa miaka mingi kabla ya ushindi. Funzo hilo linazihusu moja kwa moja nchi za Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2008, katika bwawa la Olimpiki la Beijing, wanawake wanane waliogelea fainali ya mita 50 mtindo huru. Britta Steffen wa Ujerumani aligusa ukuta kwa sekunde 24.06. Dara Torres akafuata kwa sekunde 24.07. Wa tatu alikuwa Cate Campbell wa Australia, aliyetumia sekunde 24.17. Campbell alikuwa na umri wa miaka 16. Torres alikuwa ametwaa medali yake ya kwanza ya Olimpiki huko Los Angeles mwaka 1984, miaka minane kabla Campbell hajazaliwa.

Kabla ya siku hiyo, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kupata medali ya Olimpiki katika kuogelea alikuwa Mwingereza William Robinson, aliyekuwa na miaka 38 mwaka 1908. Rekodi ya umri iliyodumu karne nzima ilikuwa imevunjwa, tena na mama aliyejifungua miaka miwili tu iliyotangulia. Watu wengi walishangilia. Wengine wengi waliuliza swali lililokwisha kuulizwa tangu mwaka uliotangulia: je, jambo hili linawezekana bila dawa?

Torres hajawahi kupatikana na hatia ya kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na makala haya hayakusudii kumfungulia kesi. Swali linaloshughulikiwa hapa ni la kihistoria: kwa nini shaka hiyo ilizuka kwa nguvu kiasi kile, ilitumia ushahidi wa aina gani, na taasisi za michezo zilijifunza nini kutokana nayo? Wahenga wa Kiswahili wameacha methali mbili zinazovutana juu ya suala hili. Ya kwanza husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ya pili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ya kwanza huifanya shaka kuwa dalili ya ukweli. Ya pili huifanya kuwa kovu la jeraha la zamani. Historia ya kuogelea inazipa methali zote mbili haki yake, na hapo ndipo ugumu wa sera unapoanzia.

2.0 Chimbuko la Shaka: Kutoka Montreal hadi Perth

Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, wanawake wa Ujerumani Mashariki walishinda mashindano 11 kati ya 13 ya kuogelea. Kornelia Ender peke yake alitwaa medali nne za dhahabu. Mmarekani Shirley Babashoff, aliyetarajiwa kutawala bwawa, aliondoka na medali nne za fedha pamoja na dhahabu moja ya mbio za kupokezana. Babashoff alisema hadharani kwamba wapinzani wake walikuwa na miili na sauti zisizo za kawaida. Hakupewa sikio. Vyombo vya habari vya nchi yake mwenyewe vilimwona mtu asiyekubali kushindwa na kumbandika jina la dhihaka. Kwa lugha ya Waswahili, aliambiwa kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Ukweli ulikuja kubainika baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989. Mwanasayansi Werner Franke na mkewe Brigitte Berendonk, aliyepata kuwa mrusha kisahani, walizipata kumbukumbu za siri zilizothibitisha kuwapo kwa mpango wa dola. Mpango huo, uliojulikana kwa namba 14.25 na kuasisiwa mwaka 1974, uliwapa wanamichezo homoni za kiume, hasa dawa ya Oral-Turinabol, wengi wao wakiwa wasichana wadogo ambao hawakuambiwa walichokuwa wanameza. Idadi ya waliohusishwa hukadiriwa kufikia 10,000. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa kiongozi mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na daktari Manfred Höppner. Wote wawili walipewa vifungo vilivyoahirishwa. Matokeo ya Montreal hayajabadilishwa hadi leo.

Mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa katika kisa hiki. Kwanza, shaka ya Babashoff ilikuwa sahihi, na aliyeadhibiwa alikuwa yeye aliyeitamka. Pili, walengwa wakuu wa mpango huo walikuwa wanawake, kwa sababu homoni za kiume huleta mabadiliko makubwa zaidi katika mwili wa kike. Kuanzia hapo, mwogeleaji wa kike mwenye misuli na kasi isiyotarajiwa alitazamwa kwa jicho lililofundishwa na Montreal.

Matukio ya miaka ya 1990 yaliongeza chumvi kwenye kidonda. Katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 1994, wanawake wa China walishinda mashindano 12 kati ya 16. Wiki chache baadaye, katika Michezo ya Asia huko Hiroshima, waogeleaji saba wa nchi hiyo walikutwa na homoni ya kiume miilini. Januari 1998, mwogeleaji Yuan Yuan alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Sydney akiwa na chupa 13 za homoni ya ukuaji, akielekea mashindano ya dunia ya Perth.

Kati ya matukio hayo kulikuwa na kisa cha Michelle Smith wa Ireland. Smith alitwaa dhahabu tatu na shaba moja katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 akiwa na miaka 26, baada ya kuongeza kasi kwa kiwango kikubwa katika umri ambao waogeleaji wengi wa kike wa enzi hiyo walikuwa wanakaribia kustaafu. Bingwa wa Marekani Janet Evans alipogusia shaka hiyo mbele ya waandishi wa habari, alilaumiwa kwa wivu, kama Babashoff alivyolaumiwa miaka 20 kabla. Mwaka 1998 Smith alifungiwa miaka minne kwa kosa la kuchezea sampuli ya mkojo, na mwaka 1999 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaiunga mkono adhabu hiyo. Yeye alikana, na medali za Atlanta amebaki nazo, kwa kuwa kosa lililothibitishwa halikuhusu michezo ile.

Urithi wa kipindi hiki ulikuwa kanuni isiyoandikwa: maendeleo ya ghafla katika umri usiotarajiwa ni dalili, na dalili ya mvua ni mawingu. Kanuni hiyo ilizaliwa na matukio ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba haikuwa na njia ya kumtambua mtu asiye na hatia.

3.0 Kurejea Bila Shaka: Pale Aliyerejea Aliposhindwa

Torres hakuwa mkongwe wa kwanza kujaribu kurudi. Mark Spitz, mshindi wa dhahabu saba mwaka 1972, alijitosa tena bwawani akiwa na takriban miaka 41 akilenga Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Alishindwa na vijana katika mashindano ya maonyesho, na hakufikia muda uliotakiwa ili kushiriki mchujo wa taifa. Janet Evans naye alirejea mwaka 2012 akiwa na miaka 40. Katika mchujo wa Marekani alishika nafasi ya 80 katika mita 400 mtindo huru na nafasi ya 53 katika mita 800. Ian Thorpe wa Australia, aliyestaafu mwaka 2006, alitangaza kurudi mwaka 2011 lakini hakufuzu kwenda London.

Katika visa vya Spitz na Evans umma ulionyesha huruma, pengine na heshima. Hakuna aliyedai damu yao ipimwe upya. Kisa cha Evans kina uzito wa pekee, kwa kuwa alikuwa karibu na umri ule ule wa Torres, wa taifa lile lile na jinsia ile ile. Kilichowatofautisha ni matokeo. Kwa hiyo, shaka hufuata ushindi zaidi kuliko inavyofuata umri. Mkongwe anaruhusiwa kurejea mradi ashindwe. Akishinda, ushindi wenyewe unageuka kuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Hata hivyo, si kila mkongwe aliyeshinda alitazamwa kwa jicho moja. Anthony Ervin wa Marekani aligawana dhahabu ya mita 50 mtindo huru na Gary Hall Mdogo mwaka 2000, akaacha kuogelea kwa miaka kadhaa, kisha akarudi. Mwaka 2016 huko Rio, akiwa na miaka 35, alishinda tena mashindano yale yale kwa sekunde 21.40, akimpita Florent Manaudou wa Ufaransa kwa sekunde 0.01. Simulizi iliyotawala ilikuwa ya mtu aliyejitafuta akajipata. Ni kweli kwamba miaka 35 si 41. Hata hivyo, tofauti ya mapokezi inaashiria kwamba kumbukumbu ya Montreal iliendelea kuelekezwa zaidi kwa miili ya wanawake.

4.0 Torres na Mashahidi Watatu

4.1 Saa

Torres alizaliwa Aprili 1967. Baada ya Olimpiki za 1984, 1988 na 1992 alistaafu kwa miaka takriban saba, akarudi Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 33 na kutwaa medali tano, ikiwamo shaba ya mita 50 kwa sekunde 24.63. Akastaafu tena. Binti yake alizaliwa Aprili 2006. Agosti 2007, katika mashindano ya taifa ya Marekani huko Indianapolis, alishinda mita 100 na mita 50, na katika mita 50 akaweka rekodi ya taifa ya sekunde 24.53. Katika mchujo wa Omaha mwaka 2008 aliishusha hadi 24.25, na Beijing akafika 24.07.

Hoja ya wenye shaka ilikuwa nyepesi kueleweka: inawezekanaje mtu wa miaka 41 awe na kasi kuliko alivyokuwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.56? Hoja hiyo inahitaji kugawanywa. Kati ya mwaka 2000 na Agosti 2007 tofauti ilikuwa sekunde 0.10 tu. Sekunde 0.46 zilizobaki zilipatikana ndani ya mwaka mmoja, na mwaka huo haukuwa wa kawaida. Februari 2008 kampuni ya Speedo ilitoa vazi la LZR Racer, lililobana mwili na kupunguza ukinzani wa maji. Rekodi ya dunia ya mita 50 kwa wanawake, iliyowekwa na Inge de Bruijn wa Uholanzi mwaka 2000 kwa sekunde 24.13, ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka saba. Machi 2008 ilivunjwa mara mbili ndani ya wiki moja: Marleen Veldhuis aliishusha hadi 24.09, kisha Lisbeth Trickett akafika 23.97. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Roma, rekodi 43 za dunia ziliwekwa, na kuanzia Januari 2010 mavazi ya aina hiyo yakapigwa marufuku.

Saa, basi, ilipima mambo mengi kwa pamoja: misuli, mbinu, vazi na enzi. Anayeinukuu kama ushahidi wa dawa analazimika kwanza kutenga mchango wa hayo mengine. Anayeinukuu kama ushahidi wa usafi analazimika kufanya hivyo pia, kwa sababu vazi linaweza kueleza sehemu ya kasi bila kueleza yote.

4.2 Mwili

Shahidi wa pili alikuwa mwili wenyewe. Picha za misuli ya Torres zilisambazwa na kujadiliwa kana kwamba zilikuwa majibu ya maabara. Upande wake ulieleza maandalizi yaliyokuwa na gharama kubwa: kocha Michael Lohberg huko Florida, mazoezi machache ya majini yaliyolenga kasi, mazoezi ya nguvu nchi kavu, wataalamu wa kunyoosha misuli, na wakandaji. Mbio za mita 50 humalizika kwa chini ya nusu dakika, na zinategemea nguvu za mlipuko na ufundi wa kuanza zaidi ya pumzi ya muda mrefu. Kwa hiyo si ajabu kwamba Torres alijiondoa katika mita 100 binafsi, ingawa alikuwa ameshinda mchujo wake, akabaki na mita 50 na mbio za kupokezana.

Maelezo hayo yana mantiki, lakini yana kasoro moja ya kihistoria: kila aliyedanganya kabla yake alikuwa na maelezo pia. Mazoezi mapya, chakula kipya na kocha mpya vilitajwa katika visa ambavyo baadaye vilithibitika kuwa vya udanganyifu. Maelezo mazuri hayamtofautishi msafi na mchafu.

4.3 Maabara

Shahidi wa tatu, maabara, ndiye aliyepaswa kumaliza ubishi. Wakati Torres anarejea, heshima ya maabara ilikuwa imeshuka. Uchunguzi wa kampuni ya BALCO mwaka 2003 ulikuwa umefichua homoni ya kutengenezwa ambayo vipimo vya wakati huo havikuweza kuiona. Oktoba 2007, miezi miwili baada ya Torres kushinda Indianapolis, mwanariadha Marion Jones alikiri mahakamani kwamba alikuwa ametumia dawa hizo, baada ya miaka ya kukana kwa kutegemea vipimo vilivyomwonyesha kuwa safi. Alirudisha medali zake tano za Sydney, michezo ile ile ambako Torres alikuwa ametwaa tano zake. Kauli ya kwamba mwanamichezo hajawahi kushindwa kipimo, iliyokuwa ngao, ikageuka kuwa kauli inayozidisha shaka.

Maabara ilikuwa na udhaifu wa upande wa pili pia. Jessica Hardy, mwogeleaji mwenzake Torres, alikutwa na dawa ya klenbuterol katika mchujo wa 2008 na kuachwa nje ya kikosi cha Beijing. Adhabu yake ilipunguzwa hadi mwaka mmoja baada ya maelezo yake kwamba dawa hiyo ilitokana na virutubisho vilivyochafuliwa kukubaliwa. Kipimo hasi hakikuwa uthibitisho wa usafi, na kipimo chanya hakikuwa uthibitisho wa nia mbaya.

5.0 Kujitolea Kupimwa na Mipaka Yake

Torres alichagua njia ambayo haikuwa ya kawaida. Aliliendea shirika la kupambana na dawa hizo nchini Marekani, USADA, akaomba apimwe kwa kila namna iliyowezekana. Aliingizwa katika mpango wa majaribio wa mwaka 2008 uliowachukua wanamichezo 12 wa kujitolea, akiwamo Michael Phelps. Kila mmoja alitoa damu na mkojo mara nyingi zaidi ya ilivyotakiwa, ili wataalamu wapate wastani wa mwili wake na kutambua mabadiliko yasiyo ya kawaida. Sampuli zilihifadhiwa kwa ajili ya vipimo vya baadaye.

Hatua hiyo ilikuwa na thamani ya kweli. Mwanamichezo aliyekubali sampuli zake zihifadhiwe aliweka rehani jina lake mbele ya sayansi ambayo bado haijabuniwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipopima upya zaidi ya sampuli 1,000 za Beijing kwa mbinu mpya, makumi ya wanamichezo walinaswa miaka minane baada ya michezo. Jina la Torres halimo miongoni mwao.

Hata hivyo, historia ya mpango huo ina fundisho chungu. Mmoja wa wale 12 alikuwa mkimbiaji Tyson Gay. Mwaka 2013 Gay alikutwa na dawa zilizokatazwa, akafungiwa mwaka mmoja, na timu ya Marekani ikapoteza fedha ya mbio za kupokezana za London 2012. Kosa hilo lilitokea miaka kadhaa baada ya mpango kukoma na halisemi lolote juu ya mwenendo wake wa 2008. Lakini linabainisha mpaka wa kujitolea: hiari huthibitisha utayari wa mtu katika kipindi fulani, haiwezi kuthibitisha tabia yake ya maisha yote. Tena, mpango unaowategemea wanaojitolea huwaacha nje wale hasa ambao ulipaswa kuwafikia, na huwatwika wasiojitolea tuhuma wasizostahili.

6.0 Kutoka Hiari hadi Kanuni

Majibu ya kudumu yalitoka katika kanuni. Shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, liliundwa Novemba 1999, na Kanuni zake za Dunia zikaanza kutumika Januari 2004. Hatua tatu zilizofuata zinagusa moja kwa moja suala la wanaorejea.

Ya kwanza ni pasipoti ya kibiolojia, iliyopitishwa na WADA Desemba 2009 kwa upande wa damu na kuongezewa sehemu ya homoni mwaka 2014. Badala ya kutafuta dawa yenyewe, pasipoti hutazama athari zake kwa kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe kwa miaka mingi. Wazo lililojaribiwa kwa watu 12 wa kujitolea likawa wajibu wa wengi.

Ya pili ni uhifadhi wa sampuli. Muda wa kufungua mashtaka ulikuwa miaka minane. Kanuni za mwaka 2015 ziliuongeza hadi miaka kumi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa mpango wa Ujerumani Mashariki njia hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya muongo, na waliofika mwisho wake hawakukuta hakimu. Uhifadhi wa sampuli ni jitihada ya kumfanya hakimu asubiri.

Ya tatu ni kanuni ya kurejea. Kwa mujibu wa Kanuni za 2015, mwanamichezo aliyestaafu akiwa katika orodha ya wanaopimwa mara kwa mara hawezi kushiriki tena mashindano ya kitaifa au kimataifa kabla ya kutoa taarifa ya maandishi ya miezi sita na kuwa tayari kupimwa katika muda huo. Mantiki yake ni bayana: kipindi cha kustaafu ni pengo ambamo mtu anaweza kujijenga kwa dawa bila kuonwa na yeyote. Lakini kanuni inamgusa yule tu aliyekuwa katika orodha. Anayestaafu akiwa hajulikani, au anayetokea nchi ambayo orodha yake ni fupi, anaweza kurudi na kumbukumbu tupu. Tena, miezi sita inaonyesha hali ya mwili wa sasa. Miaka iliyotangulia hubaki gizani.

7.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Bwawa la Beijing halikuwa mbali na ukanda huu. Tarehe 16 Agosti 2008, siku moja kabla ya fainali ya Torres, Mkenya Jason Dunford alishika nafasi ya tano katika fainali ya mita 100 kipepeo, mbio ambazo Phelps alimshinda Milorad Čavić kwa sekunde 0.01. Hata hivyo, uzito wa suala hili kwa Afrika Mashariki uko zaidi katika riadha. Rita Jeptoo alikutwa na dawa ya EPO mwaka 2014. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizo Aprili 2016. Mwezi uliofuata WADA iliitangaza kuwa haijatimiza masharti, kisha ikaiondolea tamko hilo Agosti mwaka huo huo. Mwaka 2018 maabara ya kuchunguza damu iliyoidhinishwa na WADA ilianza kazi Nairobi.

Matokeo ya visa vya aina hiyo ni yale yale yaliyompata Torres: wasio na hatia hulipa deni la wenye hatia. Mwanariadha wa Kenya, Uganda au Ethiopia anayevunja rekodi leo hukabiliwa na maswali ambayo hakuyaanzisha yeye. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya maratoni huko Berlin mwaka 2022, kwa saa 2:01:09, alikuwa na miaka 37. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018 na kurudi kutetea dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 huko Tokyo mwaka 2021. Umri mkubwa na kurejea baada ya uzazi ni sehemu ya kawaida ya riadha ya ukanda huu, na sera inapaswa kuwa tayari kwa hayo kabla tuhuma hazijatokea.

Mambo matatu yanawafaa washauri wa sera. Kwanza, orodha za wanaopimwa ziwaingize vijana mapema, kwa kuwa pasipoti huanza kuwa na maana pale tu inapokuwa na miaka nyuma yake. Pili, wanariadha wanaoondoka kwa ajili ya uzazi au majeraha wapewe utaratibu rahisi wa kubaki katika orodha kwa hiari, vipimo vikipangwa kwa kuzingatia hali zao, ili wasirudi na pengo katika kumbukumbu. Tatu, iwepo njia salama ya kupokea shaka za wanamichezo wenyewe. Babashoff na Evans hawakuwa na mahali pa kupeleka walichokiona isipokuwa mbele ya vipaza sauti, na vipaza sauti viliwageuza wao kuwa watuhumiwa. Shaka inayochunguzwa faraghani na mamlaka yenye uwezo haimchafui asiye na hatia, wala haimwadhibu aliyeitoa.

8.0 Hitimisho

Shaka juu ya Babashoff kwamba alikuwa mwenye wivu ilikuwa kosa. Shaka yake juu ya wapinzani ilikuwa sahihi. Kati ya kosa hilo la 1976 na maswali ya 2008, michezo ya dunia ilihama kutoka ukimya hadi tuhuma. Hali zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni ukosefu wa kumbukumbu za kuaminika. Penye kumbukumbu pungufu, watu husoma saa na kutazama misuli, kisha kila mmoja hutoa hukumu anayoipenda.

Torres alijaribu mara moja zaidi. Katika mchujo wa Marekani mwaka 2012, akiwa na miaka 45, alishika nafasi ya nne katika mita 50 na kukosa tiketi ya London kwa sekunde 0.09. Aliyeshinda siku hiyo alikuwa Jessica Hardy, aliyekosa Beijing kwa sababu ya kipimo kimoja. Mmoja hakuwahi kushindwa kipimo na hakuaminiwa na wote. Mwingine alishindwa kimoja na bado akapewa nafasi ya kurudi. Wote wawili walihitaji kitu kimoja ambacho hakikuwapo kwa ukamilifu walipokihitaji: historia ndefu ya miili yao, iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kuwatilia shaka. Mamlaka za Afrika Mashariki zina nafasi ya kuanza kuiandika historia hiyo sasa, kwa ajili ya wanamichezo ambao bado wako shuleni.